Kabla ya Jiko la Indaksheni, Kagua Sufuria Zako

Bei iliyoandikwa kwenye boksi la jiko la indaksheni siyo yote utakayolipa. Jiko hili hupasha chuma cha sufuria kwa nguvu ya sumaku, na alumini tunayopikia Kasulu na Kibondo haishiki nguvu hiyo. Ukiiweka juu, jiko litalia kisha litajizima. Basi sufuria mpya ni sehemu ya bei.

Nenda dukani na sumaku. Fundi redio ana za spika mbovu. Ibandike kwenye kitako, si ubavuni. Iking'ang'ania kitako chote, sufuria inafaa. Ikishika katikati tu, wali utaungua katikati na pembeni utabaki mbichi. Isiposhika, iache hata muuzaji akiapa kuwa ni pua, kwa maana ipo pua nzuri isiyovutwa na sumaku. Ukiagiza kutoka Kigoma mjini au Dar, omba kwanza video ya sumaku ikishika. Nauli ya kurudisha mzigo itakuwa juu yako.

Za enameli hushika, na zinatosha kwa chai na mboga, ila zikigongwa hubanduka. Chuma cha kusubu hudumu miaka mingi, lakini ni kizito na hukwaruza kioo cha jiko. Pua ya kitako kinene na bapa ni ghali kuliko alumini, na bado ndiyo ya kuanza nayo: moja tu, ya lita 5, yenye mikono miwili imara.

Mikono ni kwa ajili ya ugali. Ugali wa muhogo husongwa kwa nguvu, na juu ya kioo sufuria huteleza. Ipua, songea chini, kisha rudisha. Kioo kikipasuka umepoteza jiko zima.

Sahani ya chuma inayowekwa chini ya alumini usiinunue. Inakula umeme bure na kulichosha jiko.

Halafu kuna LUKU. Jiko la wati 2,000 likiwaka kwa nguvu zote nusu saa hula uniti 1. Kwenye kundi la matumizi madogo, uniti ni Sh100 kabla ya kodi, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi ni Sh350 kila moja. Anayetumia 50 sasa, nusu saa ya jiko kila siku inamvusha. Tena usilichomeke kwenye ekstensheni ya waya mwembamba, itayeyuka.

Maharage ni habari nyingine. Presha kuka nyingi za kuweka jikoni ni za alumini, kwa hiyo nazo hazifai hapa. Kama nyumbani mnachemsha maharage karibu kila siku na pesa ni ya kitu kimoja, achana na indaksheni, nunua presha kuka ya umeme. Inakuja na sufuria yake na hutunza joto.

Na kama sufuria mpya haiwezekani mwezi huu, ulizia jiko la infraredi. Linapokea alumini ulizonazo, mradi vitako viwe bapa. Kioo chake hubaki cha moto muda mrefu baada ya kuzima, kwa hiyo liweke mahali watoto hawafiki.