Je, Wajua? Kisiwa Kilichotawala Bahari

Ndugu yangu wa Rukuba, wewe usiyekwenda popote bila kuvuka maji, sikia hili. Mji mkuu wa masultani wa Kilwa nao ulikuwa kisiwani! Mpaka leo unachukua kibali Kilwa Masoko, unapanda chombo, unavuka.

Je, wajua kuwa kasri la Husuni Kubwa lilikuwa na vyumba zaidi ya 100? Alilijenga Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, juu ya jabali linalotazama bahari. Humo kuna bwawa la kuogea lenye pembe nane. Ukifika, zihesabu: zote zipo!

Unadhani walijengea nini? Matumbawe! Mafundi waliyatoa baharini yakiwa mabichi, laini, wakayachonga nakshi, kisha upepo na jua vikayakausha yakawa magumu. Hata chokaa waliipata kwa kuchoma matumbawe.

Mwaka 1331 alipita msafiri Ibn Battuta, akauhesabu mji huu kati ya miji mizuri kabisa duniani. Anasimulia kuwa sultani alikuwa akitoka msikitini siku ya Ijumaa, fukara akamsimamisha, akamwomba nguo alizovaa. Sasa hivi! Sultani akarudi, akabadili, akampa. Kwa ukarimu wake watu walimwita Abu al-Mawahib, Baba wa Vipawa.

Na sarafu zake, je? Za shaba, ndogo, lakini tazama maandishi: upande mmoja na wa pili vina vinapatana, kama shairi! Moja ilichimbuliwa Great Zimbabwe, mji mkuu mwingine wa mawe. Ngoja, kuna kubwa zaidi. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja aliokota sarafu tano za Kilwa ufuoni, visiwa vya Wessel. Wessel iko wapi? Australia!

Nauli ya Kilwa haijatimia? Basi vuka mpaka wa Sirari, uingie Migori, ukalione boma la mawe la Thimlich Ohinga. Hapo hapakuwa na sultani, ila kuta zake zinafika mita 4.2, jiwe juu ya jiwe, bila tone la chokaa wala udongo wa kushikiza, na zimesimama karne kadhaa. UNESCO iliziandika urithi wa dunia mwaka 2018. Maana ya jina? Muulize jirani yako Mjaluo: Thimlich ni msitu mnene wa kutisha!