Bei ya simuni si bei ya mlangoni

Mtanzania anayeishi Kampala akiagiza mzigo kutoka China, tovuti humtaka aandike namba ya nyumba na msimbo wa posta. Aandike nini? Mtaani kwake watu huelekezana kwa kituo cha mafuta, kanisa au msikiti, na barua huenda kwenye sanduku la posta. Kinachofikisha mzigo hasa ni namba ya simu, nayo iwe ya Uganda. Akiacha laini ya nyumbani iliyozimwa, mpeleka mizigo atampigia nani?

Kisha huja forodha. Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kutoza ushuru wa pamoja kwa bidhaa za nje mwaka 2005. Bidhaa ya dola 100 iliyo katika kiwango cha asilimia 25 hufika dola 125. Juu ya jumla hiyo Uganda hutoza VAT ya asilimia 18, yaani dola 22.50 zaidi. Hapo ada ya wakala na tozo nyingine bado.

Wapo wanaodhani kuagiza kupitia Nairobi hukwepesha hayo. Wanajidanganya. Msamaha wa ushuru ni wa bidhaa zenye asili ya Jumuiya, zenye cheti cha kuthibitisha hivyo. Kiatu cha China hakigeuki cha Kenya kwa kulala ghalani Mombasa. Kilichoshonwa Kenya kweli ni habari nyingine: kwa mzigo usiozidi dola 2,000, cheti chepesi hutolewa mpakani. VAT, hata hivyo, hulipwa vilevile.