Ziwa Ngozi: Matembezi ya Msituni kwa Familia

Likizo inapokaribia, wazazi wa Njombe na Makambako huulizana wawapeleke wapi watoto. Tunapendekeza Ziwa Ngozi, lililomo katika shimo la volkano kwenye milima ya Uporoto, mkoani Mbeya. Kutoka Makambako hushikwa barabara kuu hadi Uyole, kisha hukatwa kushoto njia ya Tukuyu hadi Isongole.

Njia ya miguu hupita msituni, chini ya miti mikubwa na mianzi. Mtoto wa shule ya msingi aweza kuimaliza, maadamu wakubwa wafuate mwendo wake. Hata hivyo, matembezi ya watoto yakomee ukingoni, ambako ziwa huonekana lote. Mteremko wa kuyafikia maji ni mkali na huteleza. Tuchukue mwongozaji, masweta na viatu imara, nao msimu wa kiangazi ndio ufaao.

Umbali huo humruhusu msafiri kupunguza na kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Kibla huko ni kaskazini, ikielemea mashariki kidogo. Tuwaachie watoto waitafute kwa jua. Kisha turudi na taka zetu, tusiuache msitu na alama yetu.