Vali Ndogo Zinazolinda Mwogeleaji, Bwawa na Maji ya Jirani

Mabwawa ya kuogelea katika Kaunti ya Kisumu hayako tena kwenye hoteli za Milimani na za kando ya ziwa pekee. Shule za kibinafsi zinayo, na hata baadhi ya nyumba za kupangisha. Sababu inaeleweka. Ziwani kuna viboko, magugumaji na kichocho, na mzazi anayetaka mtoto wake ajue kuogelea hutafuta maji yaliyo safi na yenye ukingo.

Anayetaka kujenga bwawa kwa kawaida humuuliza fundi urefu, kina na rangi ya vigae. Kuhusu mabomba huuliza mara chache, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kigae kibovu hubadilishwa kwa siku moja, lakini bomba lililofunikwa kwa zege hukaa hapo hadi zege livunjwe. Tena ni mabomba na vali ambazo huamua maji yataelekea wapi stima ikipotea, mwogeleaji atapatwa na nini akikaa juu ya tundu la sakafuni, na kama maji ya bwawa yanaweza kuingia kwenye bomba la maji ya kunywa ya mtaa mzima.

Mzunguko wenyewe ni rahisi. Pampu huvuta maji kutoka matundu ya sakafuni na midomo iliyo pembeni mwa bwawa, huyasukuma kupitia chujio la mchanga, kisha maji hutiwa klorini na kurudishwa bwawani. Upande wa kabla ya pampu ni wa kuvuta, na upande wa baada yake ni wa kusukuma. Ajali zinazoua hutokea zaidi upande wa kuvuta.

Tundu moja halitoshi

Chukua bwawa lenye tundu moja la sakafuni, kifuniko chake kikiwa na upana wa sentimita 20. Pampu ikiwa inavuta na mtu akafunika tundu hilo kwa mgongo au tumbo, maji hayana pengine pa kupitia. Mvuto wote unahamia kwenye mwili wake. Kwa mvuto wa kilopaskali 30 tu, kiwango ambacho pampu ya kawaida inaweza kukifikia, nguvu inayomshikilia ni sawa na uzito wa kilo 96 hivi. Hilo ni zaidi ya gunia la mahindi la kilo 90. Mtoto hawezi kujinasua, na mtu mzima mwenye nguvu anaweza kushindwa kumvuta. Nywele ndefu zikiingia kwenye kifuniko chenye matundu mapana na kujifunga upande wa pili, hali huwa ni hiyo hiyo.

Mwaka 2002 nchini Marekani msichana wa miaka 7, Virginia Graeme Baker, alinaswa na tundu la namna hii katika beseni la maji moto na kufariki. Alikuwa mjukuu wa James Baker, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo. Familia yake ilipigania sheria, na sheria yenye jina lake ikatiwa saini Desemba 2007. Tangu Desemba 2008, mabwawa ya umma huko yanatakiwa kuwa na vifuniko vinavyozuia kunasa.

Kinga yake haihitaji mtambo wa ajabu. Yawepo matundu mawili au zaidi yanayoungana kwenye bomba moja, yakiwa mbali kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuyafunika yote kwa pamoja. Kimoja kikizibwa, kingine kinapeleka maji na mvuto unashuka. Kati ya matundu hayo na mahali mabomba yanapoungana kusiwe na vali yoyote, kwa sababu vali ikifungwa upande mmoja bwawa linarudi kuwa la tundu moja bila mtu yeyote kujua. Vifuniko viwe vya kuinuka kama mgongo wa kobe, si bapa, na vishikiliwe kwa skrubu zisizoshika kutu. Kifuniko kikivunjika au kupotea, bwawa lifungwe siku hiyo hiyo hadi kingine kiwekwe. Swichi ya kuzima pampu nayo iwe mahali ambapo mwangalizi wa bwawa anaweza kuifikia kwa hatua chache. Ikiwa ndani ya chumba kilichofungwa kwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa fundi aliyekwenda Ahero, haimsaidii mtu.

Maji ya bwawa yasirudi kwenye bomba la mtaa

Bwawa hujazwa na kuongezwa maji mara kwa mara. Njia inayoonekana sana ni mpira wa bustani uliochomekwa kwenye mfereji, ncha yake ikiwa imezama bwawani. Presha ikiwa nzuri, hakuna neno. Lakini bomba kuu likipasuka, au maji yakifungwa kwa matengenezo, presha kwenye bomba la mtaa hushuka na mpira ule hugeuka kuwa mrija. Maji ya bwawa, pamoja na jasho, mkojo na dawa zake, huanza kunyonywa kuelekea kwenye mita, na kutoka hapo hadi kwa majirani.

Mfano mkubwa wa hatari ya mabomba kuunganishwa ovyo ulitokea Chicago mwaka 1933, wakati wa maonyesho ya dunia. Kasoro za mabomba katika hoteli ziliruhusu maji machafu kuchanganyika na maji ya kunywa, na watu 98 wakafariki kwa ugonjwa wa kuhara damu unaosababishwa na amiba. Kisumu, mji ambao umewahi kukumbwa na kipindupindu zaidi ya mara moja, hauna sababu ya kujaribu bahati yake.

Kinga iliyo bora hapa haina hata sehemu moja inayozunguka. Ni nafasi ya hewa. Maji kutoka kwenye bomba la kampuni ya maji, KIWASCO, yaingie kwanza kwenye tangi dogo la kujazia, mdomo wa bomba ukiwa juu ya kiwango cha juu kabisa cha maji ya tangi kwa angalau mara mbili ya upana wa bomba lenyewe. Bomba la milimita 25 linahitaji nafasi ya milimita 50. Maji hayawezi kuruka hewani kurudi nyuma. Vali ya njia moja husaidia, lakini ina kigango na springi vinavyochakaa, na kipande kidogo cha mchanga kinatosha kuizuia isifunge sawasawa. Itumike kama nyongeza ya nafasi ya hewa, wala isichukue nafasi yake.

Ndani ya mzunguko wa bwawa lenyewe vali ya njia moja ina kazi nyingine muhimu. Chumba cha pampu kikiwa juu ya usawa wa maji, stima ikipotea maji huteremka kurudi bwawani na pampu hubaki na hewa. Stima ikirudi, pampu huzunguka ikiwa kavu na kuungua. Vali ya njia moja hushikilia maji mahali pake. Afadhali iwe ya aina inayofunguliwa kifuniko kwa bisibisi ili isafishwe, kuliko ile iliyogandishwa kwa gundi ambayo dawa yake ni msumeno.

Maji ya chini ya ardhi yanaweza kuinua bwawa

Jambo hili linahusu hasa wanaojenga Dunga, Usoma na sehemu nyingine za chini karibu na ziwa. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kufurika ufuo na kuhamisha familia. Ziwa likipanda, maji ya chini ya ardhi karibu na ufuo hupanda nalo, hata pale ambapo uso wa ardhi unaonekana mkavu.

Bwawa lililojaa ni zito na halina shida. Shida huja siku linapomwagwa ili lisafishwe. Bwawa la mita 12 kwa 6 lina sakafu ya mita za mraba 72. Maji ya ardhini yakisimama mita 1 juu ya usawa wa sakafu hiyo, yanaisukuma kwenda juu kwa nguvu ya tani 72. Bwawa tupu linaweza kuinuka kama mtumbwi, likapasuka na kukata mabomba yote yaliyo chini yake.

Ndiyo maana kuna vali ya sakafuni inayofunguka kutoka chini. Hukaa katika tundu la sakafu juu ya tabaka la kokoto. Bwawa likiwa limejaa, uzito wa maji huifunga. Likimwagwa na maji ya ardhini yakawa na nguvu zaidi, vali hujifungua na kuyaruhusu yaingie. Mmiliki huona maji ya matope sakafuni na kukasirika kwamba bwawa linavuja. Kumbe limeokolewa. Asiizibe kwa saruji. Hata hivyo, asitegemee vali hiyo peke yake. Kumwaga bwawa wakati wa mvua za masika bila kwanza kupima kina cha maji ya ardhini ni kucheza kamari.

Upana wa bomba na urefu wa Kisumu

Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa inasukuma maji kwa nguvu ndogo kuliko Mombasa. Kwa hesabu, pampu iliyo ufuoni mwa bahari inaweza kuvuta maji hadi mita 10.3 kwenda juu, lakini Kisumu kikomo ni kama mita 9. Kikomo hicho ni cha makaratasi. Kwa vitendo ni kidogo zaidi. Kwa hiyo mchoro ulionakiliwa kutoka hoteli ya Diani hauwezi kutumika hapa bila kupigiwa hesabu upya. Pampu inayovuta kwa shida hutoa sauti kama ya kokoto ndani yake, na mapanga yake huliwa polepole.

Mara nyingi bomba jembamba ndilo linalosababisha shida hiyo. Bwawa la mita 12 kwa 6 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 lina lita 108,000. Mmiliki akitaka maji yote yapite kwenye chujio kila baada ya saa 6, pampu lazima ipitishe lita 5 kwa sekunde. Katika bomba la inchi 2 maji hayo yatakimbia mita 2.5 kwa sekunde, ambayo ni kasi kubwa mno kwa upande wa kuvuta. Katika bomba la inchi 3 yatakwenda takriban mita 1.1, na hiyo inafaa. Tofauti ya bei hulipwa mara moja. Bili ya stima hulipwa kila mwezi, na maji yakienda kasi mara mbili msuguano huongezeka karibu mara nne.

Mkono wenye njia sita

Juu ya chujio la mchanga huwa kuna vali yenye mkono mmoja na nafasi sita: kuchuja, kusafisha mchanga kwa kurudisha maji nyuma, kusuuza, kumwaga, kuzungusha bila kuchuja, na kufunga. Ndani yake mna mpira wa kuziba wenye umbo la miale ya gurudumu la baiskeli. Kanuni ni moja: mkono usigeuzwe pampu ikiwa inazunguka. Ukigeuzwa, presha huung'oa mpira ule, na kuanzia hapo maji hupenya kidogo kidogo kwenda kwenye bomba la uchafu, saa zote, bila mtu kuona.

Klorini nayo huingizwa kwa pampu yake ndogo. Pampu hiyo ifungwe kwa namna kwamba haiwezi kufanya kazi maji yasipopita. Pampu kubwa ikizimika na ile ndogo ikaendelea kudondosha klorini na asidi, dawa hizo hukutana ndani ya bomba na kutoa gesi ya sumu. Pampu kubwa ikiwashwa tena, gesi hutokea bwawani, penye watu.

Maji ya kusafishia chujio yana klorini na uchafu. Yasielekezwe kwenye mtaro wa mvua, kwa kuwa mitaro ya mji huishia Ghuba ya Winam. Kuyaingiza kwenye bomba la maji taka kunahitaji idhini ya KIWASCO, na kuyamwaga kwenye mazingira kunaongozwa na kanuni za ubora wa maji zinazosimamiwa na NEMA.

Kuhusu udongo na jua, machache tu. Udongo mweusi wa Nyalenda na Kano huvimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, hivyo mabomba yalazwe juu ya mchanga na pawe na kiungo kinachonyumbulika pale yanapoingia ukutani mwa bwawa. Bomba la PVC lililo juani hukauka na kuwa kama biskuti. Lipakwe rangi au lifunikwe.

Mmiliki anayeshuku kwamba bwawa lake linavuja anaweza kulipima bila kuita mtu. Ajaze ndoo maji ya bwawa, aiweke kwenye ngazi ya bwawa ikiwa imezama nusu na kuwekewa jiwe, kisha atie alama ya kiwango cha maji ndani ya ndoo na nje yake. Baada ya saa 24 zisizo na mvua wala waogeleaji alinganishe. Jua hunyonya sehemu zote mbili sawa. Maji ya bwawa yakiwa yameshuka sentimita 1 zaidi ya yale ya ndoo, bwawa la mita 12 kwa 6 limepoteza lita 720, yaani mitungi 36 ya lita 20. Arudie kipimo hicho pampu ikiwa imezimwa. Upotevu ukipungua, aanze kukagua mabomba ya upande wa kusukuma na mpira wa ile vali ya njia sita kabla ya kugusa kigae chochote.