Tobia, Mbwa Wake, na Kilindi cha Mto

Shule zinapofungwa, mito yetu hujaa sauti za watoto. Mvulana akimaliza kuchunga mbuzi hupiga mluzi, mbwa wa nyumbani huja mbio, na wote wawili hushika njia ya mtoni kutafuta mahali pa kuogelea. Leo ni kilindi kilicho chini ya maporomoko. Kesho ni mbali zaidi, penye mwamba mzuri wa kurukia. Mchezo huo si mbaya. Maji ni zawadi ya Mungu, kuogelea hukuza mwili, na mtoto anayemtunza mbwa hujifunza huruma. Lakini wako wazazi wasemao, "Sina wasiwasi, mbwa yuko naye." Juu ya neno hilo yafaa tufikiri pamoja.

Katika Biblia yetu kimo Kitabu cha Tobiti. Humo twasoma habari za kijana Tobia, aliyetumwa na baba yake kutoka Ninawi kwenda nchi ya Umedi. Mbwa wake alifuatana naye. Walipofika mto Tigri, Tobia alishuka kunawa miguu, na mara samaki mkubwa akamrukia kutoka majini. Tazama basi: mbwa alikuwa pamoja nao safarini, lakini haikuandikwa kwamba alimwokoa bwana wake. Aliyemsaidia ni mwenzi wake wa safari, Malaika Rafaeli katika umbo la mtu, ambaye alimwambia amkamate yule samaki. Mbwa ni rafiki mwema. Lakini mlinzi ni yule anayeujua mto.

HATARI TATU ZA MTONI

Ya kwanza ni maji yenyewe. Mito inayoshuka kutoka Kilimanjaro na milima ya Uluguru ina vilindi vizuri vya kutazama, lakini maji yake ni baridi, na chini ya maporomoko huzunguka kwa nguvu na kumvuta mtu chini. Tena mvua ikinyesha juu mlimani, mto waweza kujaa ghafla huku kijijini jua linawaka. Maji yakibadilika rangi, yakileta majani na vijiti, au mvumo wake ukizidi, watoto wapande juu mara moja, wasirudi kuchukua nguo.

Ya pili ni mamba. Katika mito ya tambarare, kama Rufiji, Kilombero na Ruaha Mkuu, mamba hujificha chini ya maji muda mrefu, na huvizia mahali ambapo watu na wanyama huja kila siku. Wengine husema mbwa atabweka akimwona. Lakini mamba aliyezama mbwa hamwoni, kama vile sisi tusivyomwona. Zaidi ya hayo, mbwa mwenyewe ni chakula cha mamba. Mbwa arukarukaye ukingoni aweza kumwita adui badala ya kumfukuza. Mahali penye mamba pasiwe mahali pa kuogelea kabisa.

Ya tatu ni kichocho. Penye maji yaliyotulia, yenye majani na konokono wadogo, vijidudu hutoka katika konokono hao, hasa wakati wa jua kali la mchana, na kupenya ngozi ya mtu. Maji yaweza kuonekana safi kabisa. Mtoto akikojoa damu, msifiche wala msingoje. Mpelekeni zahanati, kwa maana dawa iitwayo praziquantel ipo. Na kila mtoto afundishwe kutokojoa wala kujisaidia mtoni, kwa kuwa ndivyo mayai ya mdudu huyo yanavyorudi majini.

NA MBWA JE?

Mbwa wengi hujua kuogelea bila kufundishwa, lakini nao huchoka. Mbwa aliyeshikwa na hofu hupanda juu ya mwenye kuogelea, humparura na kumsukuma chini. Basi mtoto asiogelee karibu naye. Mbwa akichukuliwa na maji, mtoto asijitupe kumfuata, hata kama anampenda namna gani. Afuate ukingo akimwita; mara nyingi mbwa hutoka mwenyewe kule chini, penye ukingo mdogo. Maji yakimwagika hayazoleki, na uhai wa mtoto vivyo hivyo.

Mbwa huyo huyo achanjwe kila mwaka, asipate kichaa. Mtoto akiumwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji mengi dakika 15, halafu aende hospitali siku ile ile. Kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna aponaye.

KILA MTOTO NA RAFAELI WAKE

Wahenga walisema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kabla watoto hawajakijaribu kilindi kipya, mtu mzima awaulize wavuvi na akina mama wanaochota maji hapo. Kisha aingie yeye kwanza, polepole, akipima kina kwa fimbo ndefu. Pasiwe na kuruka kwa kichwa. Pasiwe na mtoto peke yake. Pia awepo mkubwa ukingoni, mwenye kamba na dumu tupu lililofungwa kifuniko. Dumu hilo huelea, naye aweza kumtupia anayezama bila kuingia majini.

Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Tarehe 29 ni sikukuu ya Malaika Wakuu Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Siku hizo mbili hufuatana, nasi tuzikumbuke pamoja. Tumchanje mbwa wetu, tumwombe Rafaeli awalinde watoto wetu njiani na mitoni. Lakini tusimwachie malaika kazi ambayo Mungu ametupa sisi wazazi.