Hilbre: Saa ya Kutazama ni ya Kuondoka

Kati ya mji wa West Kirby, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, na kisiwa kidogo cha Hilbre kuna mwendo wa kilomita 3 hivi juu ya mchanga. Maji yakipwa, familia huvuka kwa miguu, wazazi na vikapu vya chakula, watoto na mabuti ya mpira. Wengi huuliza kwanza maji yanapwa saa ngapi, na naona swali hilo ndilo linalowaponza, kwa sababu halisemi lolote kuhusu kurudi. Cha kuuliza ni maji yatajaa saa ngapi. Ushauri unaotolewa kwa wageni wa Hilbre umejengwa juu ya saa hiyo: usianze safari kabla hazijapita saa 3 tangu maji kujaa, na kurudi uwe umeshaondoka kisiwani saa 3 kabla hayajajaa tena.

Sababu ni kwamba maji hayapandi kwa kasi moja. Mabaharia huyagawa mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, kisha 2, mwisho 1. Siku za bamvua, tofauti ya kupwa na kujaa upande wa Liverpool hupita mita 8, takriban mara mbili ya ile ya Unguja, kwa hiyo hata mzoefu wa pwani yetu asijiamini kupita kiasi huko. Kwa mita 8, saa ya tatu peke yake huleta mita 2, kimo kinachomzidi mtu mzima. Isitoshe, kwenye mlango wa mto Dee maji hujaa kwa muda mfupi kuliko yanavyopwa. Tuseme yamepwa kabisa saa 5:30 asubuhi na yatajaa saa 11 jioni. Familia inayofika kisiwani wakati huohuo wa kupwa, ikatandika mkeka na kula bila haraka hadi saa 8:30 mchana, imeshachelewa nusu saa, ingawa mbele yake bado inaona mchanga mkavu.

Hapo ndipo penye pingamizi la kawaida: maji si yanaonekana yakija? Hayaonekani vya kutosha. Hayaji kama ukuta kutoka baharini. Hutangulia kuingia kwenye mifereji, na mingine iko nyuma ya mtembeaji, kati yake na nchi kavu. Ndiyo maana njia inayoshauriwa haikati moja kwa moja kwenda Hilbre, bali huelekea kwanza kisiwa cha Little Eye, kisha hugeuka kulia kupitia Middle Eye. Kwenye ghuba ya Morecambe, kaskazini zaidi, wachuma kombe 23 kutoka China walikufa maji Februari 2004, na walikuwa watu wazima waliokuwa kazini.

Wengine watasema simu ina jedwali la maji, yatosha. Jedwali hukokotoa mwezi na jua, halijui upepo wa siku hiyo; mgandamizo wa hewa ukishuka milibari 1, bahari hupanda kama sentimita 1. Tena baadhi ya majedwali hufuata saa za Greenwich, ilhali tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa za Uingereza huwa zimesogezwa mbele saa 1. Asiyeiongeza huingia mchangani mapema mno. Anayeiongeza mara mbili huchelewa kurudi. Kwa hiyo saa 3 ni kikomo, si miadi, na mwenye mtoto anayesimama kila penye kaa aongeze yake.

Aliyechelewa asikimbilie mchangani. Abaki Hilbre hadi zipite saa 3 tangu maji kujaa. Kisiwani hakuna duka wala maji ya kunywa, basi beba ya kutosha hata kama huna nia ya kukaa.