Mwani wa kahawia: Remera yaagiza mbali kinachoota pwani yetu

KIGALI – Anayehitaji meno ya bandia katika kliniki za Remera hupitia hatua ambayo wagonjwa wengi huikumbuka. Daktari hukoroga unga na maji hadi uwe uji mzito, huujaza kwenye chombo chenye umbo la taya, kisha huuingiza kinywani mwa mgonjwa. Baada ya dakika chache uji umekuwa kama mpira laini wenye alama za meno na ufizi.

Kiini cha unga huo ni aljineti, kitu kinachotolewa kwenye mwani wa kahawia. Kimo pia kwenye dawa za kiungulia kama Gaviscon, ambako asidi ya tumbo hukigandisha kikaelea juu ya chakula kama kifuniko.

Sehemu kubwa ya aljineti ya dunia hutokana na mwani wa maji baridi unaovunwa katika nchi kama China, Chile, Norway na Ufaransa. Mizigo mingi ya Rwanda hushushwa Dar es Salaam, kisha husafiri kwa lori kilomita zipatazo 1,500. Lakini miamba ya pwani hiyohiyo ya Tanzania na Kenya huota mwani wa kahawia wa jamii za Sargassum na Turbinaria, nao pia una aljineti. Mwingi hutupwa ufukweni na mawimbi ukaozea hapo.

Kama yai kwenye trei

Thamani ya aljineti iko katika namna inavyoshikana na madini. Ni mnyororo mrefu wa sukari wenye chaji hasi. Ikiambatana na sodiamu, ambayo ioni yake ina chaji moja, minyororo huelea huru majini na uji hubaki uji. Kalsiamu ina chaji mbili, hivyo ioni moja huweza kufunga minyororo miwili pamoja.

Baadhi ya sehemu za mnyororo zimepinda na kuacha vishimo, na kalsiamu hukaa humo kama yai kwenye trei. Watafiti nchini Uingereza waliueleza muundo huo mwaka 1973, na jina la trei la mayai linatumika hadi leo.

Ndiyo maana unga wa daktari wa meno una jasi ndani yake, kwa kuwa jasi hutoa kalsiamu. Huongezwa pia fosfati kidogo, ambayo hunasa kalsiamu ya kwanza ili daktari apate muda wa kufanya kazi. Maji ya moto, au yenye kalsiamu nyingi, huufanya uji ugande kabla ya wakati.

Kwenye bandeji za vidonda jambo hilo hugeuka. Nyuzi za aljineti ya kalsiamu hubadilishana ioni na sodiamu iliyo kwenye majimaji ya kidonda, zikawa ute unaokifunika na kukiweka unyevu.

Risasi na shaba

Aljineti haishiki madini yote kwa nguvu sawa. Hushika risasi na shaba kwa nguvu kuliko kalsiamu, wakati magnesiamu huishika kwa udhaifu. Punje za aljineti ya kalsiamu zikiwekwa kwenye maji yenye risasi, risasi huitoa kalsiamu na kuchukua nafasi yake. Punje hizo zikioshwa kwa asidi, huachia madini na zinaweza kutumika tena.

Hili linaugusa ukanda wetu. Kilembe, magharibi mwa Uganda, mgodi wa shaba ulioanza uzalishaji mwaka 1956 uliacha marundo ya mabaki katika bonde la mto Nyamwamba, ambao maji yake huelekea Ziwa George. Aljineti peke yake haiwezi kusafisha bonde zima, na punje zilizojaa sumu nazo huhitaji pa kuhifadhiwa. Lakini kuichuja shaba majini ni kazi inayoendana na maumbile yake.

Si mwani wa Paje

Wengi wakisikia mwani hufikiria Zanzibar. Kilimo cha biashara kilianza huko mwaka 1989, kikitanguliwa na utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na leo wakulima wengi ni wanawake. Mwani wao, spinosamu na kotonii, ni mwekundu na hutoa karaginani, si aljineti. Aidha, sehemu kubwa husafirishwa ukiwa umekaushwa tu, na thamani huongezwa kwingine.

Kosa hilo lisirudiwe kwa mwani wa kahawia. Kutoa aljineti kunaeleweka vizuri: mwani huoshwa kwa asidi kidogo ili uachie kalsiamu, huyeyushwa kwa magadi, huchujwa, kisha aljineti hugandishwa tena na kukaushwa. Magadi yapo Ziwa Magadi, Kenya, ambako yamevunwa kwa zaidi ya miaka 100. Mwani uko pwani, na wateja wako Remera, Kampala na Nairobi.

Tahadhari ni za kweli. Mwani wa maji ya joto mara nyingi hutoa aljineti kidogo kuliko wa maji baridi. Sargassum hukusanya arseniki, kwa hiyo bidhaa ya kinywani lazima ipimwe. Na kung'oa mwani kwenye miamba ni kuwanyima samaki makazi; ni heri kuanza na unaotupwa ufukweni.

Historia ina funzo. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, madaktari wa meno walitegemea agari, ambayo nyingi ilitoka Japani. Vita vilipoikata njia hiyo, aljineti ikachukua nafasi yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye soko la pamoja tangu 2010, haina sababu ya kungoja njia ikatike ndipo ipime kilichoko ufukweni kwake.